Tochi ya Jiwe Moja

Kwa miaka mingi niliijua tochi kwa ladha yake. Ladha ya plastiki, ya kutu kidogo, na chumvi ya jasho langu mwenyewe. Mkunga anayezalisha pasipo umeme ana mikono miwili tu, na yote miwili ina kazi, kwa hiyo tochi huishia menoni. Taya zikiuma unavumilia. Mate yakidondoka unageuza kichwa.

Nimezaliwa Langoni, hapa Lamu mjini, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu ya uuguzi niliyamaliza katika zahanati moja kisiwani Pate. Tulikuwa na paneli ya sola juu ya paa na betri yake imechoka. Jioni taa ziliwaka vizuri, na kufika saa 5 za usiku zilikuwa zimefifia hata huwezi kusoma kadi ya mama. Na watoto wengi niliowapokea walikuja baada ya saa 5.

Kabla sijazoea kuishika kwa meno, tochi ilishikwa na mtu wa familia. Mara nyingi alikuwa mavyaa wa mzazi, au shangazi. Ilikuwa tochi ya bati ya mawe mawili makubwa, yaani betri, yenye balbu ya waya ndani, mwanga wake wa rangi ya chai. Basi yule mama angesimama kando yangu na nia njema kabisa, na dakika ile ninapohitaji kuona, haya ingemshika. Angegeuza uso ukutani. Uso ukigeuka na mkono unageuka, mkono ukigeuka na taa inageuka, na mimi nabaki gizani na kichwa cha mtoto mkononi. Sikuwahi kumlaumu hata mmoja wao. Mtu kulelewa na haya si kosa, na mavyaa kumwangalia mke wa mwanawe katika hali ile ni jambo zito. Ila mwanga ulinitoroka kila mara saa ile ile.

Mawe yale makubwa nayo yalikuwa na tabia zake. Balbu ya waya hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa joto, hivyo kwa usiku mmoja wa uchungu mrefu ungeyala mawe mawili na kuanza mengine. Watu waliyaanika juani asubuhi, wakayatia alama kwa meno, wakachanganya jipya na kuukuu ili kubana matumizi. Hilo la kuchanganya lilituharibia tochi nyingi. Jiwe kuukuu huisha mapema, jipya likaendelea kulisukuma, na lile dhaifu hutapika dawa yake ndani ya tochi. Ukifungua unakuta ute na kutu, springi imeliwa.

Tochi za LED zilipoanza kufika madukani kwetu nilizipokea kama mvua. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya kuvaa kichwani, ya bei ndogo, ina vitaa saba vimepangwa kama ua. Usiku wa kwanza niliitumia kumshona mama mmoja, na mikono yote miwili ilikuwa huru, na kinywa changu kilikuwa huru, nikaweza kuzungumza naye huku nashona. Kitu kidogo hicho, kumwambia mtu "bado kidogo, mwanangu, mbili tu zimebaki", nilikuwa sijawahi kukifanya usiku.

Lakini taa ile ile ilinificha jambo.

Alikuja mama na mtoto wa siku tatu, baada ya Isha. Mtoto ananyonya kwa uvivu, analala sana. Nikamvua nguo, nikamwangalia chini ya taa yangu mpya kuanzia paji la uso mpaka nyayo. Rangi yake niliiona ya kawaida, imepauka kidogo tu. Kwa kuwa alikuwa mvivu wa kunyonya nikawaambia walale pale pale zahanati. Alfajiri, kabla jua halijapanda vizuri, bibi yake alimtoa barazani apate hewa, na mimi nilikuwa natoka na ndoo ya maji. Nikasimama. Mtoto alikuwa wa manjano usoni, kifuani, mpaka tumboni. Ukimbonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, unaona manjano matupu. Usiku kucha yalikuwepo na taa yangu haikunionyesha. Tulimkimbiza Lamu na alitibiwa akapona, lakini mimi sikulala vizuri kwa siku kadhaa.

Baadaye nilitafuta kuelewa, maana nilitaka kujua kama kosa lilikuwa la macho yangu. Taa nyeupe ya LED haizaliwi nyeupe. Ndani yake kuna punje ndogo inayotoa mwanga wa buluu, na juu yake imepakwa fosfa inayogeuza sehemu ya buluu ile kuwa manjano. Vikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Punje hiyo ya buluu ndiyo iliyowasumbua wanasayansi miaka mingi kuipata, na watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Taa za bei rahisi hupakwa fosfa kidogo, basi buluu inazidi na wekundu unapungua. Chini ya mwanga huo damu huonekana nyeusi, midomo ya mtu mwenye afya huonekana imepauka, na manjano ya mtoto hufifia. Na la kustaajabisha, mtoto yule alipofika hospitali alilazwa chini ya taa za buluu, kwa sababu mwanga wa buluu ukipiga ngozi huvunja ile manjano iliyomo mwilini. Kile kile kilichonifichia ugonjwa ndicho kilichomtibu.

Tangu hapo huwa naangalia herufi tatu kwenye karatasi ya tochi: CRI. Ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, na mwisho wake ni 100. Tochi nyingi za kawaida ziko karibu na 70. Zipo za 90 na zaidi, na mwanga wake mara nyingi una wekundu zaidi, unakaribia ule wa jua la asubuhi. Zina mwangaza hafifu kidogo kwa betri ile ile, na watu dukani huziona kama "hazina nguvu". Kwa anayeangalia ngozi za watu, hiyo ndiyo tochi. Hata hivyo, mtoto nikimshuku manjano sasa, nasubiri mwanga wa jua mlangoni. Taa ya kweli ya kazi hiyo ni jua.

Usiku ulionifundisha habari ya saa za kuwaka ulikuwa usiku wa boti.

Mama alikuwa amejifungua salama, kondo limetoka, lakini damu haikukata ilivyopasa. Nilimkanda tumbo, nikamtundikia maji na dawa, damu ikapungua, ila sikuridhika. Nikaamua aende Lamu. Kupata boti, petroli, na wanaume wa kumbeba mpaka gatini Mtangawanda kulituchukua muda, na tulipong'oa nanga ilikuwa saa 5 za usiku. Mwezi ulikuwa wa usiku wa tano au wa sita, umeshatua. Maji yalijaa saa 3, kwa hiyo yalikuwa yanakupwa kwa saa 2 tayari. Anayeijua njia ya kwetu anajua maana yake: mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ni mwembamba na una kina kidogo, na maji yakitoka unabaki tope na mikoko. Njia nyingine ni kuzunguka nje, baharini, kwenye mawimbi, na mgonjwa wetu hakuwa wa kupelekwa kule. Nahodha akasema tujaribu kuwahi.

Nilikuwa na tochi mbili. Moja ilikuwa mpya, ndefu, ya kuchaji, niliinunua mjini kwa fedha nyingi kwa mshahara wangu, na betri yake ilikuwa imeandikwa 9900 mAh, kipimo cha chaji inayobeba. Ilikuwa inamulika kutoka zahanati mpaka minazi ya mbali. Ya pili ilikuwa ndogo kama kidole gumba, ya jiwe moja tu la AA, zawadi ya daktari mmoja aliyepita kutembelea vituo. Nilikuwa siithamini. Ina mwanga wa ngazi tatu, na ngazi ya chini kabisa niliiona haina maana yoyote, mwanga wa kimulimuli.

Nikawasha ile kubwa. Tulikuwa tumeingia Mkanda, nahodha amesimama nyuma akiangalia ukingo wa mikoko. Akapiga kelele, "Mwanangu, zima hiyo! Sioni ndia!"

Nikamwambia, "Mzee, namwangalia mgonjwa."

"Mwangalie kwa taa ndogo. Hiyo yanitoa mato."

Alikuwa na haki. Jicho la mtu huchukua karibu nusu saa kulizoea giza sawasawa, na mwako mmoja wa taa kali huliharibu lote, linaanza upya. Yeye alikuwa akiendesha kwa nyota na kwa weusi wa mikoko dhidi ya weusi wa anga, na mimi nilimpofusha. Nikaielekeza tochi chini, ndani ya boti, nikaifunika kwa leso. Haikusaidia sana. Saa 6 hivi tukasikia mkwaruzo chini, boti ikasita, ikasogea kidogo, ikakaa. "Mayi yamekwenda," akasema. Hakusema zaidi.

Tulikaa pale mpaka saa 12 na nusu asubuhi.

Ile tochi ya 9900 iliwaka vizuri kwa kama dakika 40 tangu nilipoiwasha, ikaanza kupungua, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyefungiwa mlango. Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo na niliitaka kwa kupiga kila mtandao ulipojitokeza. Nikabaki na ile ya kidole gumba. Jiwe lake moja, na sikuwa na la akiba.

Hapo nikafanya hesabu ya mtu mwenye hofu. Mgonjwa ninamwangalia nini hasa? Nahesabu matone ya maji ya mshipa. Namwangalia uso na midomo. Nabadilisha pedi na kuangalia damu. Namkanda tumbo, na hilo halihitaji taa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho mbali nami zaidi ya hatua moja. Nikaiweka tochi kwenye ngazi ya chini kabisa, nikaisimamisha chini ya chupa angavu ya maji ya kunywa, na chupa nzima ikang'aa kama kandili. Mwanga ulitandaa. Niliyaona matone. Niliuona uso wa mama, na yeye akauona wangu, na nadhani hilo lilimsaidia kuliko nilivyofikiri, kwa sababu alikuwa akiniuliza kila mara, "Sista, uko?" na baada ya kandili ile kuwaka hakuuliza tena. Kila baada ya robo saa nilipandisha ngazi ya juu kwa sekunde chache, nikaangalia damu, nikateremsha. Nahodha naye alikuwa anaona nyota zake.

Damu iliendelea kupungua. Maji yakarudi taratibu, boti ikaanza kutikisika, na kulipopambazuka tochi ndogo ilikuwa bado inawaka mchana kweupe na mimi nimesahau kuizima. Tulifika Lamu, mama akapokelewa, akaongezwa damu, akarudi kwake baada ya siku chache na mwanawe.

Nimelifikiria sana jambo lile. Jiwe moja zuri la AA la alkalaini lina nishati ya kama wati-saa 3. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Ukilitaka likupe lumeni 100, yaani mwanga wa kumulika ua mzima, linamalizika kwa saa chache. Ukilitaka lumeni 1 tu linakwenda siku nyingi, mchana na usiku. Na macho yetu hayahesabu mwanga kama duka linavyouhesabu. Ili tochi ifike mbali mara mbili, unahitaji mwanga mara nne. Kwa hiyo ukiushusha mwanga hadi robo, umbali wa kuona unapungua nusu tu, lakini saa za kuwaka zinaongezeka mara nne. Ni biashara nzuri kwa mtu aliyekaa na mgonjwa.

Betri ya 9900 niliipeleka kwa fundi wa simu hapa mjini. Aliipima, haikufika hata 1000. Aliniambia betri za umbo lile, zile za milimita 18 kwa 65, hata zilizo bora huzunguka 3500 hivi, na anayeandika 9900 anaandika anachotaka. Akanifundisha kuipima kwa mkono: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, na ile yangu ilikuwa nyepesi kama ganda. Siku hizi nikienda kununua betri ya namna hiyo sioni aibu kumwomba mwenye duka la viungo aniazime mizani.

Hata saa zilizoandikwa kwenye boksi zina mambo yake. Kuna kanuni ya upimaji inayoitwa FL1, ilianza 2009, na watengenezaji wengi huifuata. Kwa kanuni hiyo saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga unapobaki sehemu ya kumi tu ya ule wa mwanzo. Tochi mbili zinaweza kuandikwa saa 10 zote, moja ikawaka sawasawa karibu muda wote, na nyingine ikapoteza nguvu yake saa ya kwanza na kukokota tisa zilizobaki. Mimi huijaribu nyumbani kabla sijaipeleka kazini. Naiwasha baada ya Magharibi, naiweka sebuleni imeelekea darini, na kila ninapopita naitazama.

Kuna mambo mawili siyasamehe katika tochi. La kwanza ni kupepesa. Tochi nyingi, ukibonyeza kubadilisha mwanga, zinapitia kwanza kwenye mwako wa kupepesa haraka haraka. Sindano iko ndani ya nyama ya mtu, unahitaji mwanga zaidi kidogo, unabonyeza, na chumba kizima kinaanza kurukaruka. Sioni ni nani aliyeomba kitu hicho. La pili ni tochi inayoanza na mwanga mkali kila unapoiwasha. Mtoto aliyetoka tumboni dakika moja iliyopita, mara ya kwanza anafumbua macho, unamchoma. Bibi mmoja wa Siyu alinikanya hivyo zamani: "Usimmulike mwana matoni, ndio kwanza ayile," yaani usimmulike machoni, ndio kwanza amekuja. Tochi yangu lazima ianze chini, nipandishe mwenyewe nikitaka.

Ya jiwe la AA nimebaki nayo kwa sababu rahisi: jiwe hilo linapatikana kila duka, Faza, Kizingitini, hata kwenye kibanda cha sukari na majani ya chai. Ila mawe ya alkalaini hayapendi kusahaulika, na hewa yetu ya chumvi haisamehe. Yakivuja hutoa unga mweupe. Ule huondoka kwa tone la ndimu au siki kwenye kitambaa, ukafuta, ukakausha vizuri. Kwa matumizi ya kila siku nimehamia kwenye zile za kuchaji za NiMH, za aina inayotunza chaji hata ikikaa miezi, nazichaji kwa sola. Volti yake ni 1.2 badala ya 1.5, lakini tochi nzuri ya jiwe moja ina saketi ya kupandisha volti, maana LED nyeupe inahitaji karibu volti 3 ili iwake, kwa hiyo haijali. Tena haina jiwe la pili la kugombana nalo.

Na nikiiweka mkobani nalegeza kifuniko chake robo mzunguko. Niliwahi kufungua mkoba kwenye boda la punda, njiani kwenda kwa mzazi, nikakuta tochi imejiwasha yenyewe kwa kubanwa na vitabu, imekufa, bado ina joto. Sasa nalegeza. Mkono unafanya wenyewe.

Nimestaafu kazi ya serikali, lakini mwaka huu wakati wa kusi nilivuka kwenda Pate kumtembelea muuguzi aliyeshika nafasi yangu. Umeme ulikuwa umekatika usiku ule na alikuwa na mzazi. Nikakaa pembeni, sikuingilia. Alikuwa na taa ndogo ya kichwani, ya jiwe moja, mwanga wake wa joto umeshushwa, unaangaza mikono yake na pale tu anapotazama. Sehemu nyingine ya chumba ilikuwa kiza laini.

Mavyaa wa yule binti alikuwepo. Hakuwa na kitu cha kushika, basi alikuwa ameketi kichwani pa kitanda, amegeuzia uso kwa mkaza mwana wake, na mikono yake miwili imeushika mkono wa binti, anamsomea kwa sauti ya chini.